Kusasisha Simu na Kompyuta: Mfumo Mzima kwa Pamoja, Programu Moja Moja

Simu ya Android inapoonyesha ujumbe kwamba kuna sasisho jipya, mara nyingi ujumbe huo hufutwa. Sababu zinajulikana kote Kaloleni: bando ni ghali, nafasi ya simu imejaa picha, stima inaweza kupotea wakati wowote, na wengi wamewahi kusikia habari za simu iliyosasishwa usiku na asubuhi ikakataa kuwaka. Wengine hufungua Play Store, husasisha WhatsApp na programu ya benki, kisha huamini kwamba kazi imekwisha.

Imani hiyo ina hatari yake. Programu za juu zinaweza kuwa mpya kabisa ilhali mfumo ulio chini yake haujaguswa kwa miaka mitatu. Ni sawa na kuweka mlango mpya wa mbambakofi kwenye ukuta wa udongo uliopasuka. Mwizi hana haja ya kuhangaika na mlango.

Somo hili linaeleza njia mbili zinazotumika kusasisha vifaa, na jinsi zinavyounganishwa siku hizi ili kifaa kibaki salama bila kumaliza bando na bila kuogopa stima kupotea. Linawafaa wakazi wenye simu, wenye maduka ya saiba, walimu, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi wa vyuo vya ufundi.

Tabaka tatu za kifaa

Kila simu ya kisasa au kompyuta ina tabaka tatu.

Tabaka la chini ni mfumo wa uendeshaji, kwa mfano Android, Windows au Linux. Huu ndio unaoamsha kifaa, unaozungumza na laini ya simu, kamera na betri, na unaoamua ni programu gani iruhusiwe kufanya nini.

Tabaka la pili ni programu tumizi: WhatsApp, programu ya M-Pesa, kamera, kikokotoo, programu ya kuandikia barua.

Tabaka la tatu ni mali ya mtumiaji mwenyewe: picha, namba za watu, ujumbe, barua na kumbukumbu za kazi.

Kusasisha ni kubadilisha tabaka la kwanza au la pili. Tabaka la tatu halitakiwi kuguswa. Atakayekumbuka mgawanyo huu atayaelewa yaliyobaki kwa urahisi.

Kwa nini kusasisha si anasa

Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilianza kusambaa duniani. Vilifunga faili za watu na kudai fidia kabla ya kuzifungua. Katika siku chache vilifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu na kuelekeza baadhi ya magari ya wagonjwa kwingine.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwepo. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta iliyokuwa imesasishwa haikuingiliwa kupitia tundu hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi walijenga ukuta mwezi ule.

Kwa mkazi wa Kaloleni, ufa huo unaweza kuwa kwenye simu yenye akiba ya chama, au kwenye kompyuta ya saiba yenye nakala za vitambulisho vya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde. Mwenye saiba anayehifadhi nakala hizo kwenye kompyuta isiyosasishwa anajiweka pabaya.

Njia ya kwanza: vifurushi

Ili kuelewa njia hizi mbili, tuchukue mfano wa nyumba ya makuti.

Paa likivuja mahali pamoja, fundi hupanda, huchomoa kuti lililooza na kuchomeka jipya. Hiyo ndiyo njia ya vifurushi. Mfumo hugawanywa vipande vingi vidogo, na kila kipande huitwa kifurushi. Kipande kimoja kikiwa na kasoro, hicho peke yake ndicho hubadilishwa. Mifumo ya Linux kama Debian, iliyoanzishwa 1993, na Ubuntu, iliyotoka 2004, hutumia njia hii. Programu za Play Store nazo hubadilishwa hivyo hivyo, moja moja.

Faida zake ziko wazi. Upakuaji ni mdogo, bando haliishi, na kazi huchukua dakika chache. Mtumiaji anaweza kuongeza anachotaka na kuondoa asichohitaji.

Lakini njia hii ina udhaifu wa aina tatu.

Kwanza, vifurushi hutegemeana. Kuti moja hushikilia jingine. Programu A inahitaji toleo jipya la kifurushi B, na programu C bado inataka toleo la zamani la B hilo hilo. Kimoja kikibadilishwa, kingine huanguka.

Pili, kazi hufanyika juu ya paa lenyewe wakati watu wamo ndani. Stima ikipotea katikati, baadhi ya vifurushi vitakuwa vipya, vingine vya zamani, na vingine nusu nusu. Kompyuta inaweza kuwaka ikiwa na matatizo, au isiwake kabisa.

Tatu, baada ya miaka kadhaa hakuna nyumba mbili zinazofanana. Kompyuta kumi zilizonunuliwa siku moja zinakuwa na mchanganyiko kumi tofauti. Fundi akiitwa, itambidi achunguze kila moja upya.

Njia ya pili: nakala nzima

Badala ya kuti moja moja, mfumo wote hutengenezwa kiwandani, hujaribiwa ukiwa kitu kimoja, na kupelekwa kwa vifaa vyote ukiwa kitu kimoja. Wataalamu huiita taswira ya mfumo. Simu zote za aina moja hupata taswira ile ile. Ikifanya kazi kwenye moja, inatarajiwa kufanya kazi kwenye nyingine zote.

Faida kubwa zaidi ilikuja pale watengenezaji walipoanza kutumia vyumba viwili. Katika mfano wa nyumba, familia haihami ili paa liezuliwe. Nyumba ya pili hujengwa kando, huezekwa hadi mwisho, ndipo familia huhamia. Nyumba ya kwanza haibomolewi mpaka ihakikishwe kwamba ya pili haivuji.

Android ilianza kutumia mpango huu katika toleo la 7, mwaka 2016. Simu inakuwa na sehemu A na sehemu B. Mtumiaji akiwa kwenye A, sasisho huandikwa kimya kimya kwenye B huku simu ikiendelea kutumika. Kazi ikikamilika, simu huomba kuzimwa na kuwashwa upya, na safari hii huwaka kutoka B. Ikishindwa kuwaka, hurudi yenyewe kwenye A. Betri ikiisha wakati wa kuandika, hakuna kilichoharibika, kwa sababu A haikuguswa. Kompyuta za Chromebook hutumia mpango kama huo.

Hata hivyo, si kila simu ina mpango huu. Simu nyingi, hata baadhi zilizotoka baada ya 2016, bado husasishwa kwa njia ya zamani. Dalili yake ni rahisi kutambua: simu hujizima, huonyesha mstari unaosonga polepole kwenye kioo, na haitumiki hadi kazi iishe. Simu ya namna hiyo isiguswe kabisa wakati huo, na ni lazima iwe na chaji ya kutosha kabla ya kuanza.

Nakala nzima nayo ina udhaifu. Ni kubwa, mara nyingi mamia ya megabaiti na wakati mwingine zaidi ya gigabaiti moja. Watengenezaji hupunguza mzigo huo kwa kutuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, lakini bado upakuaji ni mkubwa kuliko wa kifurushi kimoja. Pia, kasoro ndogo hulazimika kusubiri mfumo mzima utengenezwe na kujaribiwa upya.

Udhaifu huo ulionekana Julai 2015. Kampuni ya usalama ya Zimperium ilitangaza kasoro katika sehemu ya Android inayosoma video na sauti, iitwayo Stagefright. Ujumbe wa picha ulioandaliwa kwa hila ungeweza kumfungulia mhalifu mlango wa simu. Kampuni hiyo ilikadiria kwamba simu zilizokuwa hatarini zilikuwa takriban milioni 950. Google ilikuwa na marekebisho tayari, lakini sehemu hiyo ilikuwa ndani ya taswira. Ilibidi kila mtengenezaji wa simu atengeneze taswira mpya kwa kila aina ya simu yake. Wengine walifanya hivyo haraka, wengine walichelewa, na simu nyingi za bei nafuu hazikupata kitu.

Kuunganisha njia zote mbili

Kutokana na hayo, swali likawa moja: je, inawezekana msingi ubadilishwe mzima kwa usalama, na wakati huo huo vipande vichache vinavyoharibika haraka vibadilishwe kimoja kimoja?

Jibu la Android lilikuja katika toleo la 10, mwaka 2019. Baadhi ya sehemu za ndani za mfumo zilitolewa kwenye taswira na kufungwa kama vifurushi vinavyoweza kusasishwa na Google moja kwa moja, bila kumsubiri mtengenezaji wa simu. Miongoni mwao ni sehemu za kusoma video na sauti, zile zile zilizoleta taharuki ya 2015. Sasisho hili huitwa sasisho la mfumo wa Google Play. Vifurushi hivi huanza kutumika simu inapowashwa upya, na kimoja kikileta hitilafu kubwa, simu inaweza kukirudisha kwenye toleo lililotangulia.

Sehemu nyingine iliyotolewa kwenye taswira ni orodha ya saa za nchi za dunia. Umuhimu wake unaonekana karibu na nyumbani. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja kuanzia tarehe 1 Februari 2021, ikaacha kulingana na saa za Kenya. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Juba hupita kwenye mizani ya Mariakani. Dereva au wakala wa mizigo mwenye kifaa chenye orodha ya zamani angeona saa ya Juba ikiwa mbele kwa saa moja. Badiliko lenyewe ni mstari mmoja katika orodha. Kutengeneza na kupakua mfumo mzima kwa ajili ya mstari mmoja ni hasara, na kuuacha hadi sasisho kubwa lijalo ni usumbufu. Kifurushi kidogo ndicho kinachofaa hapo.

Kwa hiyo simu ya Android ya leo ina masasisho ya namna tatu, na kila moja lina mlango wake:

1. Sasisho la mfumo. Hili ni nakala nzima kutoka kwa mtengenezaji wa simu. Hupatikana kwenye Mipangilio, sehemu ya Mfumo au ya sasisho la programu.
2. Sasisho la mfumo wa Google Play. Hivi ni vifurushi vya sehemu za ndani. Hupatikana kwenye Mipangilio, kwa kawaida katika sehemu ya Usalama au Kuhusu simu.
3. Sasisho la programu. Hivi ni vifurushi vya WhatsApp na nyinginezo. Hupatikana kwenye Play Store.

Anayefungua mlango wa tatu pekee amefanya theluthi ya kazi.

Upande wa kompyuta

Muungano huu umefika pia kwenye kompyuta za Linux. Mfano mzuri ni Fedora Silverblue. Msingi wake hupakuliwa ukiwa nakala nzima iliyotengenezwa na kujaribiwa na watengenezaji, na haubadilishwi ovyo ovyo wakati kompyuta inatumika. Programu za kawaida, kama ya kuandikia au ya kuchora, huwekwa pembeni zikiwa zimejitegemea, kwa hiyo hazigombani na msingi.

Kukiwa na kifurushi ambacho lazima kiingie kwenye mfumo wenyewe, kwa mfano cha kuendesha printa isiyo ya kawaida, chombo kiitwacho rpm-ostree hukichukua, hukiunganisha na nakala ya msingi na kutengeneza nakala mpya. Nakala hiyo huanza kutumika kompyuta inapowashwa upya. Nakala ya awali hubaki. Printa ikileta fujo, mtumiaji huchagua nakala ya awali wakati wa kuwasha na kuendelea na kazi.

Vifurushi vya kuongezwa juu ya msingi visiwe vingi. Kila msingi unaposasishwa, ni lazima viunganishwe upya, na kila kimoja huongeza muda na uwezekano wa mgongano. Viwili au vitatu havina neno. Thelathini vitarudisha matatizo yale yale yaliyokimbiwa.

Mfumo mwingine wa aina hii ni Endless OS, uliotengenezwa kutoka Debian na kukusudiwa watu wenye intaneti haba. Toleo lake kubwa huja na makala na masomo ndani yake, yanayosomeka bila mtandao. Msingi ni nakala nzima, programu ni za kujitegemea. Chombo kinachoutunza msingi huo huruhusu sasisho kupakuliwa mara moja na kubebwa kwa flash diski hadi kompyuta nyingine.

Jambo la mwisho lina maana kubwa penye bando ghali. Chukua mfano wa hesabu: saiba yenye kompyuta sita, na sasisho la gigabaiti 1.5. Kila kompyuta ikipakua yake, ni gigabaiti 9. Likipakuliwa mara moja na kubebwa kwa flash diski, ni gigabaiti 1.5 pekee. Hata kompyuta za Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoziruhusu kugawana masasisho zikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani. Mwenye saiba anaweza kuuwasha katika sehemu ya masasisho kwenye mipangilio.

Sasisho nalo linaweza kuharibu

Haitakuwa haki kusifu masasisho na kuficha madhara yake. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo lenye kosa kwa wateja wake. Halikuwa sasisho la Windows, bali faili la programu ya ulinzi iliyozama ndani kabisa ya mfumo. Kompyuta takriban milioni 8.5 zilikwama kwenye kioo cha buluu. Ndege zilichelewa na hospitali na benki zilikwama katika nchi nyingi.

Kosa lenyewe lilirekebishwa upande wa kampuni kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kilichochukua siku nyingi ni kuziamsha kompyuta zilizokwisha kukwama, kwa sababu nyingi zilihitaji fundi afike, akae mbele ya kila moja na kufuta faili kwa mkono.

Somo la siku ile ni kwamba ukubwa wa sasisho hauonyeshi ukubwa wa hatari yake. Kinachopaswa kuulizwa ni kwamba likiharibika, kifaa kitarudi vipi kilipokuwa? Mfumo wenye nakala ya awali pembeni una jibu. Mfumo usio nayo unamsubiri fundi.

Mfano: simu ya mhudumu wa afya ya jamii

Tarehe 25 Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini, wanaofahamika zaidi kama CHP. Walipewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za kaya katika mfumo wa eCHIS. Mfumo huo umetengenezwa ufanye kazi hata pasipo mtandao: mhudumu huandika akiwa kijijini, na taarifa hutumwa baadaye simu inapopata mtandao.

Chukulia mhudumu aliyetembelea kaya nane katika vijiji vya Mwanamwinga ambako mtandao ni hafifu. Jioni simu inaonyesha kwamba kuna sasisho la mfumo. Taarifa za kaya nane bado zimo kwenye simu, hazijatumwa. Afanye nini?

Kwanza atafute mtandao na kutuma taarifa hizo, halafu ndipo asasishe. Sasisho la kawaida halifuti taarifa za mtumiaji, iwe ni nakala nzima au kifurushi, kwa sababu tabaka la tatu hukaa mahali pake. Lakini simu ikikwama, wa kwanza kuombwa msaada huwa ni fundi wa mtaani, na dawa ya haraka ya mafundi wengi ni kuirudisha simu ilivyotoka dukani. Hiyo hufuta kila kitu cha tabaka la tatu. Mama mjamzito aliyeandikiwa dalili za hatari asubuhi hatakuwa tena kwenye orodha ya kufuatiliwa.

Kurudi nyuma na kufuta ni mambo mawili tofauti. Kurudi nyuma hubadilisha mfumo na kuacha taarifa. Kurudisha simu ilivyotoka dukani huacha mfumo na kufuta taarifa. Na hakuna mpango wowote wa vyumba viwili unaolinda simu iliyoanguka kisimani au kuibwa. Nakala ya akiba ya picha, namba na kumbukumbu bado ni jukumu la mwenyewe.

Hatua za kufuata

Wakazi wanashauriwa kufuata utaratibu ufuatao angalau mara moja kila mwezi:

1. Kutuma taarifa za kazi ambazo hazijatumwa, na kuweka nakala ya akiba ya picha na namba muhimu.
2. Kupunguza video na picha zisizohitajika. Sasisho linahitaji nafasi ya kutosha.
3. Kuchaji simu hadi ipite nusu, na kuiacha kwenye chaji ikiwezekana. Kwa kompyuta isiyo na betri, kazi ifanywe wakati stima imetulia.
4. Kutumia Wi-Fi inayoaminika, au bando la usiku lenye bei nafuu.
5. Kufungua milango yote mitatu kwa mpangilio: mfumo, mfumo wa Google Play, kisha programu.
6. Kuzima na kuwasha upya simu. Sasisho lililopakuliwa bila kuwasha upya bado halijaanza kazi.
7. Kuangalia tarehe ya sasisho la usalama kwenye Mipangilio. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja na hakuna sasisho jipya, huenda mtengenezaji ameacha kuihudumia simu hiyo. Isitumike kwa mambo ya benki.

Kwa anayenunua simu, inafaa kumuuliza muuzaji itapata masasisho hadi mwaka gani. Baadhi ya simu za bei ya juu, kama Google Pixel 8 na Samsung Galaxy S24, ziliahidiwa miaka saba. Nyingi za bei nafuu hupata muda mfupi zaidi.

Kwa wenye saiba, ikumbukwe kwamba 14 Oktoba 2025 ndiyo tarehe ambayo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Kompyuta kuukuu isiyoweza kubeba Windows 11 si lazima itupwe. Nyingi zinaweza kubeba Linux.

Tahadhari: sasisho la kweli halitumwi kwa kiungo cha SMS wala WhatsApp, na hakuna anayepiga simu kuomba PIN ili kusasisha. Ujumbe wa namna hiyo ni wa kitapeli.

Zoezi kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi

Kwenye kompyuta ya Ubuntu au Debian, amri `sudo apt update` ikifuatiwa na `sudo apt upgrade` husasisha kwa vifurushi. Stima ikipotea katikati, amri ya kwanza kujaribu baada ya kuwasha ni `sudo dpkg --configure -a`, ambayo humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu.

Kwenye Fedora Silverblue, `rpm-ostree status` huonyesha nakala zilizopo, `rpm-ostree upgrade` huleta msingi mpya, na `rpm-ostree rollback` hurejesha nakala ya awali, kuanzia kompyuta itakapowashwa upya. Mwanafunzi ajaribu yote mawili kwenye kompyuta ya mazoezi, kisha alinganishe ukubwa wa upakuaji, muda uliotumika, na urahisi wa kurudi nyuma.

Maswali ya kujipima

1. Jirani amesasisha programu zote kwenye Play Store. Ni masasisho gani mawili ambayo huenda hajayafanya?
2. Betri imeisha wakati sasisho linaandikwa kwenye sehemu B. Kwa nini simu bado itawaka?
3. Orodha ya saa imebadilika kwa nchi moja tu. Njia ipi inafaa, nakala nzima au kifurushi? Kwa nini?
4. Fundi anataka kurudisha simu ilivyotoka dukani. Mwenye simu amwulize nini kwanza?

Majibu: (1) Sasisho la mfumo na sasisho la mfumo wa Google Play. (2) Sehemu A haikuguswa. (3) Kifurushi, kwa kuwa badiliko ni dogo na msingi hauna kasoro. (4) Kama kuna njia ya kuiamsha bila kufuta taarifa, na kama zimewekewa akiba.